Presha ya mimba haiishii leba: inavyohusiana na macho miaka mingi baadaye

Neno "presha" ndilo linaloanza kutuchanganya. Katika Kiswahili cha kila siku limebebeshwa mizigo mitatu. Kuna presha ya kupanda, yaani shinikizo la damu ndani ya mishipa. Kuna presha ya macho, jina ambalo wengi tumeupa ugonjwa wa glakoma, unaohusiana na shinikizo la majimaji yaliyomo ndani ya jicho na unaoiua polepole neva ya kuona. Halafu kuna presha ya mimba, shinikizo la damu linalojitokeza au kugunduliwa mwanamke akiwa mjamzito. Mama akiambiwa kwamba presha aliyoipata alipokuwa na mimba inaweza kuhusiana na macho yake baada ya miaka 15 au 20, mara nyingi akili humkimbilia kwenye glakoma. Hiyo siyo. Damu ina presha yake na majimaji ya jicho yana yake, na mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine. Habari yetu iko nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kinachoiunganisha retina na mimba ni mishipa midogo ya damu.

Linaloniuma ni jinsi jambo hili linavyosahaulika haraka. Mwanamke amejifungua, presha imeshuka, mtoto analia vizuri, kila mtu anashukuru. Kadi ya kliniki inaingia kabatini. Miaka inapita, anaketi mbele ya daktari wa macho, anaulizwa kama ana kisukari, kama kuna glakoma kwenye ukoo, kama anatumia miwani. Mimba zake hazitajwi, na yeye mwenyewe haoni sababu ya kuzitaja. Tafiti zilizotoka tangu katikati ya miaka ya 2010 zinaonyesha kwamba sababu ipo.

Presha ipi hasa?

Kipimo cha presha kina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mjamzito mpaka ni 140 kwa 90, ikipimwa mara mbili kwa kuachanisha angalau saa 4. Namba moja tu ikivuka inatosha. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura, hutibiwa haraka.

Aliyekuwa na presha kabla ya kushika mimba, au ikaonekana kabla ya wiki ya 20, huhesabiwa kuwa na shinikizo sugu la damu. Ikianza baada ya wiki ya 20 bila jambo jingine, hiyo ni presha ya ujauzito peke yake. Ikija pamoja na protini kwenye mkojo, au na ishara kwamba figo, ini, ubongo, mapafu au chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeguswa, huitwa preeklampsia. Protini si lazima iwepo kama viungo vingine tayari vinaonyesha madhara. Mama akipata degedege juu ya hayo yote, ndipo tunafika kwenye eklampsia, kifafa cha mimba chenyewe.

Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Watu wengi huita hatua zote mbili "kifafa cha mimba", yaani preeklampsia na eklampsia pamoja. Matokeo yake, mwanamke ambaye hakuanguka wala kutetemeka husema kwa uhakika kabisa, "Mimi sikupata kifafa cha mimba," ilhali alikuwa na preeklampsia kali na alizalishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyo. Preeklampsia huzipata kati ya mimba 2 na 8 katika kila 100 duniani. Wanaofikia degedege ni wachache zaidi sana. Kwa hiyo anayejitoa kwenye hesabu kwa sababu ya jina tu, anajitoa kimakosa, na pengine yeye ndiye aliyestahili kuwa mstari wa mbele.

Kondo linapokosa damu

Ili kuelewa namna jambo la tumbo la uzazi linavyoweza kugusa jicho, inabidi twende kwenye kondo la nyuma. Katika mimba inayokwenda vizuri, chembe za kondo hupenya hadi kwenye mishipa ya mji wa mimba na kuziondoa kuta zake za misuli, mpaka vijia vyembamba vinageuka mifereji mipana inayopitisha damu nyingi kwa utulivu. Kazi hii hufanyika mapema, mama akiwa bado hajaonekana tumbo au limeanza tu kuonekana. Kwa wengi wanaopata preeklampsia, hasa ile inayoanza mapema, upanuzi huo hukwama katikati. Mishipa inabaki myembamba na misuli yake. Kondo linakua, mahitaji yanaongezeka, damu inakuja kwa kusuasua. Kisha kondo lenyewe linaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoisumbua mishipa ya mwili mzima.

Mojawapo ya vitu hivyo kimechunguzwa kuliko vingine. Kinaitwa sFlt-1. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston, akiwemo daktari wa figo Ananth Karumanchi, lilionyesha kwamba wanawake wenye preeklampsia wana kiasi kikubwa cha protini hiyo kwenye damu. Walipowapa panya protini hiyo, panya walipandisha presha na kuanza kutoa protini kwenye mkojo. Hata panya wasio na mimba.

Inachofanya sFlt-1 ni kuinyonya protini nyingine, VEGF, kama sifongo inyonyavyo maji, kabla haijafika inakohitajika. VEGF ndiyo inayoilea mishipa ya damu. Huiamuru kuota pale tishu inapokosa hewa ya oksijeni, na kila siku huutunza ule utando laini unaoifunika kwa ndani ili ubaki mteketeke na wenye kutanuka. Ikipungua, mishipa hukaza, presha hupanda, na vichujio vya figo, vinavyoitegemea sana VEGF, huanza kuvujisha protini. Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka mahali usipopatarajia. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa ya bevacizumab, ambayo kazi yake ni kuizima VEGF ili uvimbe usiote mishipa, baadhi yao hupata presha na protini kwenye mkojo. Wanaume wamo.

Na bevacizumab hiyohiyo hudungwa ndani ya jicho. Madaktari wa macho huitumia, pamoja na ndugu zake kama ranibizumab na aflibercept, kutibu retina inayovuja maji kwa sababu ya kisukari au kwa sababu ya uzee wa sehemu ya katikati ya retina. Huko tatizo ni kinyume. Mishipa midogo imeharibika, retina imekosa oksijeni, inaita VEGF kwa wingi kupita kiasi, na VEGF hiyo inaotesha mishipa mibovu inayovuja na kupasuka. Kwenye mimba yenye preeklampsia VEGF imenyonywa. Kwenye retina yenye njaa ya oksijeni imefurika. Hii haimaanishi kwamba la kwanza limezaa la pili. Inamaanisha tu kwamba jicho na kondo vinatawaliwa na mizani ileile, na mizani hiyo ikiyumba, mishipa midogo ndiyo inayolipa. Hata konea, kioo cha mbele cha jicho, inategemea mizani hiyo. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba konea haina mishipa ya damu, na kwa hiyo inapitisha mwanga vizuri, kwa sababu inatengeneza sFlt-1 yake yenyewe. Protini inayomtesa mama mjamzito ndiyo inayotupa sote kuona kupitia kioo safi. Kila nikiifikiria nashangaa upya.

Wakati mimba ikiwa bado tumboni

Madaktari walijua mapema kwamba preeklampsia hufika machoni. Hermann von Helmholtz alitambulisha kifaa cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, na miaka michache tu baadaye Albrecht von Graefe, bingwa wa macho wa Ujerumani, alikuwa ameeleza retina iliyobanduka kwa mama mwenye ugonjwa huu. Ndani ya jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo mishipa ya damu inaonekana waziwazi bila kisu, kwa hiyo kinachotokea figoni na kwenye ubongo kwa kificho, hapa kinaonekana.

Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni vijiateri vya retina, yaani mishipa midogo inayoleta damu, vimekaza na kuwa vyembamba. Presha ikiendelea, hutokea madoa meupe mithili ya pamba, damu kuvilia, uvimbe. Mama mwenyewe huona ukungu, vimulimuli, nyota, au kipande cha mbele yake kimetiwa giza. Malalamiko ya macho huwapata takriban robo ya wenye preeklampsia kali, na kwa wenye eklampsia yanaweza kufika nusu.

Kubanduka kwa retina hutokea kwa takriban 1% ya wenye preeklampsia na karibu 10% ya wenye eklampsia. Hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa sababu jina hilohilo hutumika kwa ugonjwa mwingine. Kubanduka kunakojulikana zaidi hutokana na retina kuchanika na maji kupenya kwenye mchaniko. Huko kunahitaji upasuaji wa haraka. Kwenye preeklampsia retina haijachanika. Nyuma yake kuna tabaka la mishipa liitwalo koroidi, na mishipa hiyo ikikaza, tabaka la chembe lililo kati yake na retina, ambalo kazi yake ni kufyonza maji yaliyo chini ya retina, hushindwa kazi. Maji hujikusanya na retina huinuka kama rangi ya ukuta uliolowa. Presha ikidhibitiwa na mama akijifungua, maji hunyonywa na retina hurudi mahali pake, kwa kawaida ndani ya wiki chache.

Kuna pia upofu wa ghafla ambao macho hayahusiki kabisa. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayotafsiri picha huvimba, mama haoni kitu, lakini ukimmulika mboni zake zinajibu kama kawaida. Nao mara nyingi hupona ndani ya saa kadhaa au siku.

Hatari hii haikomi mtoto akishatoka. Presha ya mama mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, akiwa pengine ameshatoka hospitali, na degedege linaweza kutokea hata siku nyingi baada ya uzazi. Mjamzito au mama aliyejifungua ndani ya wiki 6 akianza kuona vimulimuli, ukungu au giza, hasa kukiwa na kichwa kuuma, aende kupimwa presha saa hiyohiyo. Asisubiri asubuhi wala kutafuta miwani.

Kwa sababu mengi ya hayo hupona, kwa zaidi ya karne moja vitabu viliishia hapo. Mama amejifungua, retina imekaa sawa, mambo yamekwisha.

Walipoanza kuwafuata kina mama kwa miaka

Mambo yalibadilika pale watafiti walipoanza kuunganisha kumbukumbu za uzazi na za matibabu ya baadaye. Kwenye hospitali kuu ya Beer-Sheva, kusini mwa Israeli, waliangalia zaidi ya wanawake 100,000 waliojifungua kati ya 1988 na 2013. Waliowahi kupata preeklampsia walirudi hospitalini kwa magonjwa ya macho zaidi ya wenzao, hasa retina iliyoharibiwa na kisukari na retina kubanduka. Na kadiri preeklampsia ilivyokuwa kali ndivyo tofauti ilivyokuwa kubwa. Ngazi ya namna hiyo huwapa watafiti imani zaidi, maana jambo la kubahatisha kwa kawaida halipandi ngazi kwa mpangilio.

Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Quebec, Kanada, yaliyohusu wanawake zaidi ya milioni 1 waliojifungua tangu 1989 hadi 2013. Mwelekeo ulikuwa uleule, na waliokuwa na preeklampsia iliyoanza mapema au iliyokuwa kali walibeba mzigo mkubwa zaidi. Ufini nako, wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza waliowahi kupata preeklampsia au presha ya ujauzito walionekana kuwa na uharibifu mkali wa retina zaidi ya wenzao wenye kisukari hichohicho waliobeba mimba bila presha.

Sasa, mwanamke aliyewahi kupata preeklampsia anaposoma sentensi hizo, moyo hupiga. Kwa hiyo nieleze hesabu ilivyo. "Hatari imeongezeka mara mbili" ni maneno yasiyosema chochote mpaka ujue ilianzia wapi. Tuseme, kwa mfano tu wa kuelewa hesabu, kwamba katika wanawake 1,000 wa umri fulani 3 watapata ugonjwa fulani wa retina. Hatari ikiongezeka mara mbili watakuwa 6. Mara mbili ni kweli, na 994 waliobaki salama ni kweli vilevile. Magonjwa ya retina yaliyohesabiwa kwenye tafiti hizi ni machache kwa wanawake wa umri huo, kwa hiyo wengi mno wa waliopata preeklampsia hawatayaona kamwe. Sisemi hivi kuwatuliza tu. Ndivyo namba zilivyo.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu tafiti za namna hii. Zinahesabu wale tu waliofika hospitalini na ugonjwa ukaandikwa. Mwanamke mwenye mishipa ya retina iliyoanza kuchakaa bila dalili yoyote hamo ndani yake. Upande wa pili, aliyewahi kuugua preeklampsia huenda akawa anaonana na madaktari mara nyingi zaidi, na anayechunguzwa zaidi hugunduliwa zaidi. Makosa haya mawili huvuta pande tofauti.

Je, mimba ndiyo iliyoharibu?

Hili ndilo fundo lenyewe. Maelezo ni matatu, na sidhani kama yanapingana.

La kwanza ni kwamba udongo ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Uzito mkubwa, kisukari, presha sugu na figo dhaifu huongeza uwezekano wa preeklampsia, na vilevile huharibu retina. Mimba huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa miezi mingi. Mishipa yenye udhaifu uliojificha hushindwa kuvumilia, na udhaifu hujulikana kabla ya wakati wake. Kwa maelezo haya preeklampsia ni kengele, haikuwasha moto. Kwa wenye kisukari mshale unaweza hata kugeuka nyuma, kwa kuwa mwanamke ambaye retina yake tayari imeguswa na kisukari kabla ya mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata preeklampsia.

La pili ni kwamba mimba yenyewe iliacha jeraha. Kiwango cha sFlt-1 hushuka ndani ya siku chache baada ya kondo kutoka, lakini utando wa ndani wa mishipa hauonekani kurudi ulivyokuwa kwa kila mtu. Hata ile retina iliyobanduka na kurudi huacha wakati mwingine vidoa vya kudumu mahali ambapo koroidi ilikosa damu.

La tatu ndilo naliona kuwa na uzito mkubwa kwa maisha ya mtu, kwa kuwa ndilo linaloweza kubadilishwa. Mwanamke aliyepata preeklampsia yuko kwenye hatari kubwa ya kupata presha ya kudumu baadaye. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta hatari hiyo imeongezeka karibu mara 4, na ile ya magonjwa ya mishipa ya moyo takriban mara 2. Kisukari cha aina ya pili nacho huwajia zaidi. Presha isiyotibiwa inaiharibu retina kwa njia zinazojulikana vizuri tangu zamani. Huvifanya vijiateri kuwa vigumu, huvikandamiza juu ya vena, mishipa inayorudisha damu, vinapopishana nazo, huchangia vena kuziba, na kwa mwenye kisukari huharakisha uharibifu ulioanza. Tangu mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker walipanga hatua za uharibifu huo wa presha kwenye retina, na waliona kwamba kadiri retina ilivyoonekana vibaya ndivyo mgonjwa alivyoishi muda mfupi zaidi.

Kumbukumbu za hospitali mara nyingi hazina uzito wa mtu wala habari za uvutaji sigara, kwa hiyo haziwezi kutenganisha maelezo hayo matatu kikamilifu. Lakini mama hahitaji kusubiri yatenganishwe. Kengele ikilia, unaangalia jikoni, hata kama hujui bado moto ulianzia kwenye jiko gani.

Kinachofanyika

Ushahidi bora tulio nao kuhusu kulinda retina dhidi ya presha ulitoka Uingereza mwaka 1998, kwenye utafiti mkubwa wa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Waliodhibitiwa presha kwa ukaribu walikuwa na wastani wa 144 kwa 82, wenzao 154 kwa 87. Tofauti ni ndogo kwa kuitazama. Hata hivyo baada ya miaka kadhaa kundi la kwanza lilikuwa na upungufu wa theluthi moja katika kuharibika kwa retina, na karibu nusu katika kupungua kwa uwezo wa kuona. Hawakuwa wajawazito wa zamani waliochaguliwa kwa ajili hiyo, lakini mishipa ya retina haiulizi presha ilianzia wapi.

Kwa hiyo aliyewahi kupata presha ya mimba ya aina yoyote apimwe presha angalau mara moja kila mwaka, maisha yake yote, na sukari ipimwe pia mara kwa mara. Ashughulikie uzito na sigara, kama vipo. Ikionekana presha imerudi, dawa zianze na ziendelee hata anapojisikia mzima, kwa kuwa presha haiumi na retina haiumi.

Kuhusu macho, kama hana kisukari wala presha ya sasa, hakuna haja ya kwenda kliniki ya macho kila mwezi kwa hofu. Ninachomshauri ni uchunguzi wa kawaida wa macho, na siku hiyo awekewe matone ya kupanua mboni au apigwe picha ya retina. Kusoma herufi ukutani peke yake hakuonyeshi mishipa. Mwenye kisukari ni habari nyingine. Mimba yenyewe huweza kuharakisha uharibifu wa retina kwa mwenye kisukari, hata bila presha, kwa hiyo achunguzwe kabla ya kushika mimba au mapema mimba ikianza, kisha kadiri mimba inavyoendelea, na kwa mwaka mmoja baada ya kujifungua. Huyu asiruke hata mara moja.

Na anayepanga mimba nyingine aseme mapema, kwenye hudhurio la kwanza. Aspirini ya kiwango kidogo, ikianzwa karibu na wiki ya 12 kwa ushauri wa daktari, hupunguza uwezekano wa preeklampsia kurudi, hasa ile inayolazimisha kujifungua kabla ya wakati. Mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu husaidia pia. Asijianzishie mwenyewe.

Wengi wataniambia hawakumbuki walikuwa na nini. Mtoto sasa ana miaka 25, kadi imepotea, na siku zile hakuna aliyewaeleza jina la ugonjwa. Yapo maswali yanayosaidia kukumbuka. Je, ulianzishiwa uchungu au ulipasuliwa kabla ya tarehe kwa sababu ya presha? Je, uliambiwa mkojo una protini? Je, ulilazwa kabla ya kujifungua ukawa unapimwa presha usiku na mchana? Je, ulirudishwa nyumbani na dawa za presha? Na je, uliwahi kuchomwa sindano ya magnesiamu, ile ya kuzuia degedege? Mwaka 2002 utafiti uliohusisha wanawake takriban 10,000 katika nchi 33 ulithibitisha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya eklampsia kwa zaidi ya nusu, na matumizi yake yalizidi kuenea. Huleta joto linalosambaa mwili mzima, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa tanuri usoni, na ukiwatajia joto hilo wengi hukumbuka mara moja. Ukijibu ndiyo kwa mojawapo ya hayo, mwambie daktari wa macho, pamoja na mwaka uliojifungua na mimba ilikuwa na wiki ngapi, aliandike kwenye faili lako kabla hajakuwekea matone.